Wimbo wa Chombo na Masikio ya Mzee Ekisa

Muziki huo mnaoupiga siku hizi, wa kompyuta, usio na ngoma wala gitaa wala mdomo wa mtu, msifikiri umefika hapa mpakani pamoja na ninyi. Huwa nawasikia mkiuchezesha kwenye vibanda vyenu vya simu hapo Malaba, kutoka stendi mpaka karibu na reli, na mnanitazama nikipita kana kwamba nitauliza huo ni ugonjwa gani. Mimi nimeishi na sauti kama hizo. Nilizitumia kazini kama fundi cherehani anavyotumia utepe wa kupimia.

Mliniomba niwaandikie kuhusu kazi ya redio na televisheni, kazi niliyoiacha macho yalipokataa. Kutengeneza simu sitawafundisha. Vitu vyenu ni vidogo mno, sindano yangu ya kushona mbele yake ni nondo. Nitawaeleza habari ya wimbo mmoja, mzee mmoja, na kosa langu moja. Mengine mtajijazia.

Jina langu ni Nabwire. Wateja waliniita Mama Redio, lakini hilo lilikuja baadaye. Mwanzoni walikuwa wakiingia dukani, wananitazama, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikisema fundi yuko safarini lakini mimi nipo, wanasema watangoja. Mmoja kutoka Bumala alingoja tangu asubuhi hadi saa tisa, redio yake mapajani, nami niko mbele yake natengeneza za wengine. Saa tisa akaniuliza kama nina maji ya kunywa. Nikampa. Akaniuliza kama fundi atarudi leo. Nikamwambia hapana. Ndipo akaniachia redio, kwa uso wa mtu anayemwacha mtoto wake kwa jirani asiyemwamini.

Fundi mwenyewe alikuwa Mzee Ekisa, Mteso wa Kamuriai. Alijifunza kazi upande wa Uganda akiwa kijana, akavuka kurudi na sanduku la vifaa na tabia ya kutosema sana. Mimi nilikuwa nauza betri za tochi na tambi za taa kando ya mlango wake. Siku moja alikuwa amewasha televisheni isiyo na picha, nami kichwa kikaanza kuniuma.

"Mzee, zima hiyo kitu," nikamwambia. "Inalia kama mbu."

Akatoka nje, akanitazama. "Unaisikia?"

"Si kila mtu anaisikia?"

Akaniambia nifumbe macho nigeukie barabara. Akaiwasha na kuizima mara nyingi, kila mara akiniuliza kama mbu yupo au ameenda. Sikukosea hata mara moja. Akarudi ndani, na jioni alipokuwa akifunga duka akasema, "Kesho lete kiti." Hiyo ndiyo barua pekee ya ajira niliyowahi kupata.

Niwaeleze ninyi ambao hamjawahi kufungua televisheni yenye tumbo la kioo. Zile za zamani zilikuwa na saketi ya kuchora picha, na saketi hiyo ikiwa hai ilitoa filimbi nyembamba sana. Ukiisikia, unajua nusu ya mashine ni nzima kabla hujagusa skrubu. Ukiikosa, unajua pa kuanzia. Mtu mwenye masikio mazuri aliokoa nusu siku ya kazi. Sikujiuliza wakati huo kwa nini fundi wa miaka mingi alihitaji kuazima masikio ya muuza betri.

Alinifundisha kwa kuniacha nikosee. Aliniita ikoku, yaani mtoto kwa Kiteso, ingawa nilikuwa tayari na wangu wawili. Mara moja katekista mmoja alileta redio ambayo kitufe cha sauti kilikuwa kikikwaruza. Dawa ya kusafishia ilikuwa imeisha, nami nikatumia mafuta ya kupikia. Ikaimba vizuri. Baada ya siku nne katekista akarudi, ameishika redio mbali na kanzu yake.

"Mama," akasema, "hii redio imerudi na abiria."

Ilikuwa imejaa siafu. Mzee Ekisa hakucheka mbele ya mteja. Alinipa brashi ya meno, akanionyesha kiti cha nje kwenye jua, nikakaa huko mpaka siafu wa mwisho akatoka. Tangu hapo mafuta ya kupikia yamebaki jikoni.

Sasa wimbo.

Kulikuwa na mchezo wa televisheni uliokuja kila Jumamosi jioni, jua likielekea nyuma ya jiwe la Tororo, ule mlima wa upande wa Uganda. Ulihusu watu waliokuwa wakizunguka angani ndani ya chombo, wakitafuta pa kutua. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu. Malaba tuliuita Chombo, basi. Wengi wetu hatukufuata maneno. Waigizaji waliongea Kiingereza cha puani, cha haraka, na antena zetu za mianzi zilikuwa zinayumba na upepo, hivyo nahodha alikuwa na kichwa kimoja wiki hii na vichwa viwili wiki ijayo. Lakini wimbo wa kufungulia hakuna aliyeukosa. Watu waliacha chai nusu kikombe.

Ulianza chini kabisa, kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka kijiji cha pili. Kisha ukapanda, si kwa ngazi kama kinanda cha kanisa, bali kwa kuteleza, kama kidole kwenye ukingo wa glasi iliyolowa. Katikati ukayumba, ukarudi nyuma kidogo, ukapanda tena. Mwisho ukatoa sauti moja ndefu, nyembamba, kama uzi unaovutwa kupitia tundu la ufunguo. Sehemu hiyo ya mwisho sisi dukani tuliiita ncha.

Watu walibishana ni ala gani. Mwalimu wa kwaya alisema ni mwanamke anayeimba ndani ya pipa. Dereva mmoja wa trela kutoka Mombasa aliapa kwamba ni msumeno, na kwamba yeye amemwona baharia akiupinda na kuupiga hivyo hivyo. Walipomletea Mzee Ekisa kesi hiyo aamue, alijibu bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Ni umeme tu. Ni ile filimbi redio hupiga ikiwa mgonjwa. Sisi tunaitwa kuiua. Hao wamekaa nayo wakaifundisha kuimba."

Dereva wa trela hakuridhika. Mimi niliridhika, na hata leo sijapata maelezo mazuri zaidi.

Mzee aliufanya wimbo huo kipimo chake. Televisheni zote zilizotengenezwa katika wiki zilipangwa kwenye benchi, migongo wazi, zikangoja Jumamosi jioni. Wimbo ukianza, anapita mbele yake moja baada ya nyingine. Ile sauti ya chini ikikoroma, spika imechanika. Katikati, wimbo ukiyumba na picha ikinywea nao, umeme ndani ni dhaifu. Na ncha isipofika, kuna kapasita inayovujisha sauti za juu, itafute. Wimbo wote haukufika dakika moja na ulikupa ripoti ya mashine nzima. Baada ya hapo ndipo tulifunga vifuniko. Kwake, televisheni ambayo haijapita Chombo ilikuwa bado mgonjwa, hata kama mwenyewe ameshaibeba kichwani anaondoka.

Mna mitambo ya kupimia sasa, nimeiona, inachora mistari. Sina neno nayo. Ila mashine ile hukuambia ulichouliza tu, na sikio lilikuwa likisikia hata ambacho hukuuliza.

Mama Nafula alikuwa na hoteli ya chai karibu na stesheni ya reli, na televisheni juu ya rafu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watu Jumamosi: mawakala wa forodha, madereva, wachuuzi wa nguo kutoka upande wa pili, akina mama wa sokoni waliosema wamepita tu. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Akaleta televisheni yake kwa ajili ya swichi. Kazi ya nusu saa. Jumamosi tukaipima na nyingine.

Mzee akasimama mbele yake, wimbo ukapita. "Hii haina ncha," akasema.

Mimi nilikuwa nimeisikia ncha, safi kabisa. Nilidhani amekengeushwa na lori nje. Nikanyamaza.

Akabadilisha spika. Jumamosi ya pili: "Bado." Akabadilisha kapasita zote za sauti, moja moja, kazi ya mikono mizuri sana, hata risasi ya kuchomelea iling'aa kama matone ya maji. Nami nilikuwa nimeanza kuelewa, kwa sababu wiki hiyo alisema televisheni nyingine mbili pia hazina ncha, nazo zote zilikuwa nayo. Lakini utamwambia vipi mtu aliyekupa kazi kwa sababu unasikia, kwamba yeye hasikii? Nilijiambia ni heshima. Ilikuwa woga. Mtu akikuuliza tofauti, heshima ingenifanya nimwite kando nimweleze.

Jumamosi ya tatu Mama Nafula akaja mwenyewe kuchukua mali yake, pamoja na mawakala wawili wa forodha waliochoka kutazama Chombo wakiwa wamesimama dukani kwetu. Wimbo ukaanza. Mzee akainama, akaweka sikio karibu kabisa na spika, bisibisi mkononi, mashine wazi na umeme ndani. Akainama zaidi. Bisibisi ikateleza. Tukasikia mlio mmoja mkavu, kukatoka harufu kama ya samaki aliyeungua, na picha ikajikunja kuwa mstari, kisha nukta, kisha giza.

"Mzee!" akasema Mama Nafula. "Nilileta swichi. Swichi tu! Sasa umeniulia?"

"Nilikuwa naitafuta ncha," akasema Mzee.

Nami nikafungua mdomo. "Ncha ipo, Mzee. Tangu Jumamosi ya kwanza ipo. Shida si televisheni. Ni masikio yako."

Nilisema kwa hasira, na kwa sauti kubwa, mbele ya watu watatu. Hasira yenyewe ilikuwa ya wiki tatu za kunyamaza. Wakala mmoja alicheka, kidogo tu, puani. Mzee Ekisa alichomoa waya wa umeme ukutani. Akapanga bisibisi zake kwa ukubwa, kama kila jioni, akavaa koti, akamwambia Mama Nafula, "Nisamehe, mama," akatoka. Mimi hakuniangalia.

Jumatatu hakuja. Wala wiki iliyofuata.

Nilikaa dukani peke yangu. Wateja waliuliza fundi yuko wapi, nami nikanyoosha mkono kupokea redio. Nilitengeneza nilizoweza. Nilirudisha nilizoshindwa. Televisheni ya Mama Nafula ilikaa juu ya rafu, na transfoma yake ya picha ilikuwa imeungua kabisa, na spea yake ingepatikana Nairobi, ikipatikana. Yeye alipita kila siku akielekea sokoni, hakuingia, alitazama tu rafu.

Nilikwenda Kamuriai mara mbili. Mara ya kwanza mke wake, Mama Amoit, alinipokea vizuri, akanipa uji, akasema mzee yuko shambani. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Mara ya pili akasema mzee amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alinisindikiza hadi njiani, akanishika mkono.

"Haongei," akaniambia. "Hata redio amezima. Nyumba imekuwa kama ina msiba. Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. "Mimi namwambia hilo kila siku," akasema. "Lakini mimi ni mke. Wewe ulimwambia kwa kazi."

Jinsi nilivyopata njia ya kumfikia ilikuwa kwa bahati tu, na nitawaeleza vizuri ili mjaribu. Nilikuwa na redio mbili kwenye benchi, za betri, za masafa ya kati. Moja ilikuwa imefungwa na inapiga habari, nyingine nimeifungua mgongo. Nikiizungusha ile iliyo wazi kutafuta stesheni, ile nyingine ikaanza kupiga filimbi. Nikapitisha mkono kuchukua koleo, filimbi ikashuka. Nikaondoa mkono, ikapanda.

Ndani ya redio kuna saketi inayotetemesha umeme. Mtetemo huo huvuja nje, na ukikutana na stesheni ambayo redio ya jirani inasikiliza, vitu hivyo viwili hugongana, na tofauti yao ndiyo filimbi unayoisikia. Kiganja chako kikikaribia kapasita ya kutafutia stesheni, bila kuigusa, mtetemo unabadilika, na filimbi nayo. Kwa hiyo ukiweka redio ya kwanza kwenye stesheni ya namba za juu, na ya pili, iliyo wazi, ukaizungusha polepole huku kwenye namba za chini, utafika mahali itakapolia. Kisha unacheza na hewa. Tumia redio za betri peke yake. Ya umeme wa ukutani msiifungue kwa mchezo huu, itawazika.

Nilifanya mazoezi siku tisa, mchana, baada ya chakula, wakati wateja ni wachache. Siku ya kwanza ilikuwa kama kumvuta paka mkia. Muuza viatu wa jirani aliniuliza kama nimeokota jini. Siku ya nne nilipata kuteleza. Siku ya saba nikapata ile sehemu ya katikati inayoyumba. Na nikagundua jambo: kwa mkono wangu naweza kuupiga wimbo wote mahali popote ninapotaka, juu au chini. Kwa hiyo nikaushusha. Nikaushusha wote, mpaka ncha ikawa haiko juu kuliko sauti ya mwanamke anayeongea.

Mara ya tatu nilikwenda Kamuriai alasiri, redio mbili ndani ya kikapu. Sikumwuliza Mama Amoit chochote. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba, nikafungua redio, nikaziweka juu ya kiti, nikaanza.

Kuku walitoka wote uani. Nilipiga wimbo mara moja, vibaya. Nikaupiga mara ya pili. Nilipofika kwenye ncha, nikaishikilia muda mrefu nilivyoweza. Nikasikia mlango.

Mzee Ekisa alikuwa amesimama na soksi bila viatu.

"Rudia mwisho," akasema.

Nikarudia.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo kabisa. Sijaisikia wiki nyingi." Akakaa ngazini, upande wa pili wa kiti. Akasema, "Ile ya mbu niliipoteza zamani, ikoku. Ndiyo maana nilikuambia ulete kiti. Nilijua masikio yanakwenda. Sikujua yatateremka mpaka kwenye wimbo."

"Nilikosa, Mzee. Si kwa kusema. Kwa pale niliposemea."

"Ulisema kweli."

"Wiki tatu nilinyamaza."

"Hilo ndilo baya zaidi," akasema. "Ungesema, ningekuwa sijaunguza ile transfoma."

Hakuna aliyelia, kama mlikuwa mnangoja. Alinyoosha mkono juu ya redio, akaupeleka kulia na kushoto, akisikiliza. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo maishani na katika dakika tano alikuwa amenipita mbali.

"Wewe unaivuta kama ng'ombe wa mnada," akaniambia. "Ilegeze. Inataka kidole, haitaki bega." Mama Amoit alikuwa amekuja mlangoni na sufuria mkononi. Akasema kama ndiyo kazi ya watu wawili wazima, heri wafanyie Malaba, kuku wake wamekimbilia kwa jirani.

Mzee akarudi kazini Jumatatu. Tukagawana: mikono na macho yake, masikio yangu. Alifanya kazi hivyo miaka mingi mingine, na mwishoni alikuwa hasikii hata honi ya trela, lakini alikuwa akiweka vidole viwili kwenye karatasi ya spika na kukuambia imechanika wapi. Alifariki kwake, baada ya chakula cha mchana, bila kusumbua mtu. Vifaa vyake nilipewa mimi.

Chombo kiliisha, ikaja michezo mingine yenye nyimbo za magitaa, ambazo hazikupimii kitu. Kisha wakazima mawimbi ya zamani, televisheni za tumbo zikaenda kwa wanunuzi wa chuma. Niliona moja Khunyangu, wametoa kioo, kuku analalia mayai ndani. Msimu huu binti wa jirani yangu, anayesoma chuo hapo Alupe, aliutafuta wimbo kwenye simu yake akaupata. Akanishikia simu sikioni. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyokumbuka, na mwepesi. Ncha sikuisikia, na sikumwuliza kama ipo. Nilimwambia asante. Yeye aliniambia ni poa, akaendelea na mambo yake.

Lakini nimeruka siku moja, na hiyo ndiyo niliyotaka kuwaeleza.

Mzee aliporudi, kazi ya kwanza aliyoshika ilikuwa televisheni ya Mama Nafula. Hakuagiza transfoma. Aliifungua ile iliyoungua, akahesabu mizunguko ya waya, akaikunja upya kwa mkono, waya mwembamba kama unywele, nta kati ya kila tabaka. Siku sita. Mimi nilikatazwa kumsemesha akihesabu. Ilipokuwa tayari ilikuwa Jumamosi, na si Jumamosi yoyote: ilikuwa imetangazwa kwamba jioni hiyo Chombo kitatua, mchezo umalizike.

Nilidhani tutaiwasha dukani kama kawaida. Yeye akasema, "Beba upande huo." Tukaibeba hivyo hivyo, mgongo wazi, tukavuka barabara katikati ya malori hadi hotelini. Palikuwa pamejaa. Mama Nafula alikuwa ameazima televisheni ndogo kwa mtu, yenye picha ya ukubwa wa sahani, na watu walikuwa wamesukumana mbele yake. Wale mawakala wawili wa forodha walikuwepo. Aliyecheka alikuwepo.

Mzee Ekisa akaiweka televisheni juu ya rafu yake ya zamani, akaunganisha antena. Kisha akageuka, mgongo kwa mashine, akavua kofia. Hakuwa mtu wa hotuba. Katika miaka yote sikumsikia akisema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

"Mama Nafula," akasema, "televisheni yako haikuwa na ubaya wowote. Wewe ulileta swichi. Mabovu yalikuwa masikio yangu, na sikutaka kujua. Huyu fundi," akanionyesha, "aliniambia, nikakasirika. Sasa iko sawa. Lakini sauti za juu mimi sizisikii tena. Mkiwa na kazi ya kusikia, mpeni yeye."

Aliniita fundi.

"Mzee," akasema Mama Nafula, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika barabarani, "kaa. Chai."

Hakukaa. Alisimama nyuma ya televisheni, kwenye mgongo wazi, bisibisi mkononi, kwa sababu ilikuwa bado haijapimwa. Nikaiwasha. Picha ikaja, pana, nyeupe, bila kunywea. Na wimbo ukaanza, ule wa chini, wa kusaga. Niliona anausikia huo. Ukapanda. Ukayumba. Nikaona usoni mwake mahali alipoupotezea, kama mtu anayeshuka ngazi akakosa ya mwisho. Akaanza kuangalia huku na huku.

Mama Nafula ndiye aliyeanza. Alikuwa na kitambaa cha kufutia vikombe mkononi. Akainua mkono huo juu, polepole, kadiri sauti ilivyopanda, ili mzee aone ilipo. Kisha mama mmoja wa sokoni akainua wake. Kisha dereva wa trela, yule wa msumeno. Kisha karibu hoteli nzima, mikono juu, hata yule wakala, wote wakiipandisha ncha pamoja na kuishikilia pale juu, wakimtazama Mzee Ekisa, si televisheni. Alitazama ile mikono yote. Sauti ilipokonda na kuisha, mikono ikateremka taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Akanigeukia mimi. "Imepita?"

"Imepita, Mzee. Yote."

"Basi shika hapa," akasema, "tufunge kifuniko."